Siku Niliyotetea Haki za Wanafunzi na Mtoto Mgongoni

Nitawaambia, lakini mcheke polepole, maana aibu niliyopata siku hiyo pale chuoni karibu na Bungoma bado inaniwasha masikio, na hadi leo watu wa mwaka wangu wakiniona wananiita Mama Simu.

Mambo yalianza na Nekesa, rafiki yangu niliyekuwa nikiishi naye chumba kimoja hosteli. Nekesa alikuwa na mtoto mchanga, Imani, aliyekuwa akilelewa na mwanamke mmoja huko Kanduyi, na kila jioni alikuwa akienda kumnyonyesha. Chuo hakikujua, na hatukutaka kijue, kwa sababu muhula uliopita mwenzetu alikutwa na mtoto, vitu vyake vikatupwa nje kwenye nyasi bila mtu kumuuliza hata swali moja. Hiyo ndiyo ilinifanya niwe mtu wa haki. Nilipiga kelele sana hadi wenzangu wakanichagua niongee kwenye mkutano na mkuu wa wanafunzi, mama mkali tuliyemwita Madam, na mimi kwa kiburi nikampigia mama yangu Kitale aje anisikie. Mama anauza mahindi ya kuchemsha mtaani Kipsongo, hakuwa amewahi kukanyaga chuo kikuu, akaja amevaa gauni lake la Pasaka.

Sasa asubuhi ya mkutano yule mlezi wa Kanduyi akatuletea mtoto, akasema amefiwa, akaenda zake. Nekesa alikuwa anaingia mtihani. Akanitazama tu, machozi yakimlengalenga.

"Lete, nitakaa naye," nikasema. (Hapo ndipo nilipojimaliza, maneno matatu tu.)

Nikamfunga Imani mgongoni kwa leso, nikavaa juu jaketi langu kubwa la baridi ya Kitale, nikaingia ukumbini kwenye joto la Bungoma kama mtu mwenye malaria.

Mwanzoni niliwaka, bana! "Chumba cha mwanafunzi ni nyumba yake! Hatutoki kabla ya kuambiwa kosa na kusikizwa!" Makofi yakapigwa, na makofi hayo ndiyo yakamwamsha Imani, akatoa kilio kidogo kama cha paka karibu na maikrofoni.

"Ni simu yangu," nikasema.

"Si uishike basi!" kijana mmoja akapaza sauti kutoka nyuma.

Ningetoka wakati huo pengine ningepona, lakini nilitaka kumaliza hotuba, kwa hivyo nikaendelea kutetea haki huku nikijitikisa kama mtu anayecheza muziki ambao wengine hawausikii, na "simu" ikazidi kulia, kisha nikasikia kitu cha moto kimeteremka mgongoni, kikapita kiunoni, kikaingia kwenye kiatu, na kamguu kenye soksi ya manjano kakachungulia chini ya jaketi. Watu wakaangua kicheko, wengine wakatoa simu zao kunipiga picha.

Madam akavua miwani. "Huyo mtoto ni wa nani?"

Ningesema nini? Nikimtaja Nekesa, vitu vyake viko kwenye nyasi. Nikisema ni wangu, mama yangu huyo hapo ameketi mbele. Nikalia. Yaani mtetezi mzima, nikalia kwenye maikrofoni pamoja na mtoto.

Mama akasimama, nikajua nimekwisha. Akapanda jukwaani, akanivua jaketi, akafungua leso mwenyewe, akamtoa Imani, akamfuta kwa kitambaa chake cha kichwa. Akamgeukia Madam (mama yangu ni Mbukusu wa damu, "r" na "l" kwake ni mapacha):

"Mwarimu, huyu ni mujukuu yangu. Kama kuna makosa, si ya mutoto. Mimi nitaenda na yeye Kitare, rakini huyu musichana mumuache asome."

Hakuna aliyecheka tena. Nilitaka kusema "Mama, si wangu," lakini swali la Madam lingerudi palepale. Ndipo Nekesa akatokea mlangoni akihema, ametoka mtihani na kusikia kilio cha mtoto wake kwenye vipaza sauti.

"Ni wangu," akasema. "Kama ni kusikizwa, nisikizwe mimi."

Madam akavuta kiti kilichokuwa kando yake. "Kuja uketi. Tunakusikiza."

Nekesa akaongea vizuri kuliko mimi, bila kupiga kelele. Hakufukuzwa. Wiki iliyofuata akaruhusiwa kumwacha Imani mchana kwa metroni wa hosteli hadi muhula uishe, na Madam akatangaza kwamba hakuna mtu atatolewa chumbani kabla ya kusikizwa. Na mimi niliapa: sitasimama tena kuongea kwa niaba ya mtu kabla ya kumuuliza kama anataka kuongea mwenyewe.

Lakini siku ile, mkutano ulipoisha, tulimkuta mama nje kivulini, bado amempakata mtoto.

"Mama, ulifikiri ni wangu kweli?"

"Nirifikiri."

"Na hukukasirika?"

"Nirikasirika kutoka kwa kiti mupaka kwa jukwaa. Nirivyomushika, ikaisha."

Nekesa akanyoosha mikono kumchukua mwanawe. Mama akageuza bega kidogo.

"Ngoja kwanza," akasema. "Amerara."

Imani alikuwa anamtazama, macho yote mawili wazi.