Mwalimu wa theluji ya Dubai na kamba ya wabebaji wa Rwenzori

Kamba nyekundu imelazwa juu ya theluji. Watoto sita waliovaa makoti mazito wanatembea juu yake mmoja mmoja, kisigino cha mguu mmoja kikigusa ncha ya kiatu cha mguu wa pili, bila kutoka nje. Wa tatu anayumba na kuangua kicheko. Mwalimu wao hacheki. Anamshika mkono, anamtazama machoni, kisha anamwambia arudie.

Nje ya jengo hili la Dubai joto limefika nyuzi 43. Ndani, katika ukumbi wa theluji inayotengenezwa na mashine, ni nyuzi mbili chini ya sifuri mwaka mzima. Wazazi walioketi nyuma ya kioo wanadhani kamba ile ni mchezo.

"Waache wadhani hivyo," anasema Mubin Badawi, mwenye umri wa miaka 34, mzaliwa wa Kisauni, Mombasa. "Mimi kila nikiiona hii kamba, namkumbuka mtoto mmoja."

Kazi ya Mubin ni kufundisha watu kuteleza kwenye theluji kwa mbao mbili zinazofungwa miguuni. Alikuja Dubai miaka tisa iliyopita kupiga deki katika ukumbi huu huu, na barafu pekee aliyokuwa akiijua ni ile ya ndani ya friji. Alijifunza wateja wakishaondoka, akianguka na kuinuka, hadi akapewa koti jekundu la walimu. Leo analipwa dirham 3,400 kwa mwezi, na nusu huenda Kisauni kwa mama yake na wanawe wawili.

"Nilijiona fundi," anasema. "Nikipiga simu nyumbani naambiwa, huyu ndiye Mswahili anayewafundisha Waarabu theluji. Kichwa kikavimba, wallahi."

Kilivimba hadi Desemba iliyopita.

Mwanafunzi wake mmoja ni Reem, msichana wa miaka tisa. Baba yake, Bwana Hazim, alitaka kumwona binti yake akiteleza kwenye mlima wa kweli. Akamwomba Mubin achukue likizo ya siku tano, aandamane nao hadi kituo kimoja cha mbali katika safu za Himalaya. Hoteli iko mita 3,200 juu ya usawa wa bahari, na mteremko wa juu kabisa unaanzia karibu mita 3,900. Waliondoka Dubai alfajiri, na kabla jua halijatua walikuwa wakinywa supu hotelini.

Siku ya pili Reem aliteleza asubuhi nzima. Adhuhuri akaanza kulalamika kichwa, kisha akatapika mara mbili. Bwana Hazim alikuwa amekwisha kupanda gari la kuning'inia kwenye nyaya kwenda mteremko wa juu, akamwacha mtoto mikononi mwa mwalimu wake.

Hapa ndipo mwandishi wa makala haya alipobaki kinywa wazi. Mubin hakuhangaika hata kidogo, na kilichomtuliza ni uzoefu wake. Katika ukumbi wa Dubai watoto huumwa kichwa na kutapika kila wiki. Ama wamekula peremende kupita kiasi, ama baridi imewapiga. Dawa yake kila mwalimu anaijua: unamtoa mtoto kwenye baridi, unampa chokoleti ya moto, unamfunika blanketi, unamwacha alale. Akiamka ni mzima.

"Nikafanya vivyo hivyo," anasema. "Nikamwambia, lala mama, ukiamka tutarudi kuteleza. Nikajipongeza. Miaka tisa kwenye theluji, nisimjue mtoto aliyechoka?"

Usilolijua ni usiku wa giza. Ukumbi ule una theluji, una baridi, una kila kitu cha mlimani isipokuwa kimo. Hewa yake ni ile ile ya ufukweni. Kilichokuwa kikimuumiza Reem hakikuwa baridi wala peremende, ilikuwa ni hewa nyepesi ya juu, na kila dakika aliyolala pale ilikuwa ikimwongezea ugonjwa.

Akiwa anamlinda, Mubin alipiga video fupi ya milima inayoonekana dirishani, akaituma kwenye kundi la WhatsApp la wafanyakazi wenzake ili kujigamba kidogo. Mwishoni mwa video hiyo Reem anaonekana akiinuka kwenda msalani. Anajigonga kwenye fremu ya mlango, anacheka, anajigonga tena.

Simu ya Mubin ikalia baada ya dakika mbili. Aliyepiga hakuwa daktari wala mkubwa wa ukumbi. Alikuwa Fortunate, mwanamke Mganda wa miaka 31 anayekaa kaunta ya viatu. Kazi yake ni kuwavisha wateja viatu vya kutelezea, kuvipokea vikiwa vimelowa na kuvikausha.

"Nilimuuliza, huyo mtoto anajigonga kwa nini?" anasimulia Fortunate katika mkahawa mmoja wa Al Rigga, mbele ya chai ya maziwa. "Akaniambia ana usingizi. Nikamuuliza, ametapika? Akasema ndiyo, lakini nimempa chokoleti. Mimi nikasimama. Nilikuwa na kiatu cha mteja mkononi, nikamwacha mteja amevaa mguu mmoja."

Fortunate amezaliwa Kasese, chini ya milima ya Rwenzori, ambayo kileleni ina theluji aliyoiweka Mungu mwenyewe. Kabla ya kuja Dubai alibeba mizigo ya watalii kwenye milima hiyo kwa misimu mitatu, kilo ishirini mgongoni. Wabebaji wa kikundi chao walikuwa na desturi. Kila wakifika kambini, kamba ya mizigo hulazwa chini na kila mgeni hutembea juu yake. Anayeshindwa, ishara kwamba hewa nyepesi imeshamgusa ubongo, habembelezwi wala haonewi haya. Anashushwa wakati ule ule, hata kama analia.

"Msimu wangu wa pili kulikuwa na mgeni alikataa," anasema. "Mwanamume mkubwa, ana nguvu. Akasema nimechoka tu, nitalala. Sisi tukamwogopa, tukamwacha. Kesho yake tulimshusha kwa machela, amefunikwa uso."

Kwenye simu hakusimulia hayo. Alitoa amri tu. Mubin aweke kitu kirefu sakafuni na mtoto atembee juu yake. Mubin akapanga fimbo nne za kutelezea, moja mbele ya nyingine.

"Nilifanya ili Fortunate anyamaze," anakiri. "Reem akakanyaga nje. Akakanyaga nje tena. Mara ya tatu akaketi chini. Nikamwambia simama, akaniangalia, akaniuliza, wewe ni nani? Miaka miwili namfundisha mtoto huyu."

 

Fortunate akamwambia amshushe. Asingoje daktari wala asitafute vidonge, amshushe kwanza. Lakini Bwana Hazim alikuwa kule juu na simu yake haikupatikana. Dereva wa hoteli alisema hawezi kumchukua mtoto wa mgeni bila mzazi wake. Na Mubin, kama kila mfanyakazi ambaye visa yake iko kwa kafeel, yaani mwajiri anayemdhamini, alijua vizuri kwamba mgeni anayeondoka na binti wa mtu huitwa mtekaji.

"Nikamwambia, dada, nikimchukua bila ruhusa nitafungwa. Akanijibu, arbab, huyo bosi, atakasirika, khalas, basi akasirike. Akasirike mtoto akiwa anapumua."

Mubin alimbeba Reem mgongoni hadi kwenye gari, akamwonyesha dereva midomo ya mtoto. Ilikuwa imegeuka buluu. Dereva akawasha gari. Waliteremka kwa saa moja na nusu, Fortunate akiwa bado kwenye simu, akiuliza kila baada ya muda kama mtoto anajibu. Katika zahanati ya bondeni Reem aliwekewa oksijeni, na daktari akamwambia Mubin kwamba kama wangengoja hadi asubuhi, wasingemkuta hai. Jioni ile Reem aliomba chipsi.

Baba yake alifika akiwa amewaka hasira. Daktari alipomweleza, alimkumbatia Mubin huku analia, akamwita mwokozi wa mwanawe. Na Mubin hakumtaja Fortunate.

"Nilivishwa kilemba cha ukoka, na mimi nikakikaza," anasema bila kujitetea. "Tuliporudi Dubai wenzangu wakanipigia makofi. Nikapita kaunta ya viatu. Fortunate akaniuliza, mtoto anakula? Nikasema anakula. Hakuuliza kingine, akachukua viatu vyangu akaenda kuvikausha. Pale pale nikajua lazima nikaseme ukweli."

Wiki hiyo hiyo alikwenda nyumbani kwa Bwana Hazim huko Al Twar, akaeleza yote: kwamba yeye ndiye aliyemlaza Reem, na kwamba aliyemwokoa ni dada wa viatu. Bwana Hazim alimsikiliza hadi mwisho, akamfungulia mlango atoke. Reem hakuonekana ukumbini kwa miezi mitatu.

Waliporudi, mwezi Machi, baba mtu alikwenda moja kwa moja kwenye kaunta.

"Aliniuliza kwa nini sijawahi kusema kuwa naijua milima," anasema Fortunate. "Nikamwambia, sir, hakuna aliyeniuliza. Hapa wananiuliza namba ya viatu tu."

Tangu hapo uongozi umekubali kamba itumiwe kuwafundisha watoto wanaojiandaa kwenda milimani. Aliyeileta bado anakausha viatu kwa dirham 1,700 kwa mwezi. Mwandishi alimuuliza mara mbili, akidhani amesikia vibaya. Fortunate alitabasamu tu, akaomba chai nyingine. Anasema ameandika barua ya kuomba kuwa mwalimu wa usalama, na anangoja jibu, inshallah.

Mubin naye ana mpango wake. Mwezi ujao likizo yake haitaanzia Mombasa. Atakwenda Kasese kwa Linus, kaka yake Fortunate, ambaye hadi leo anabeba mizigo Rwenzori. Amekubaliwa aende kama mbebaji, si kama mtalii, na ameambiwa asije na koti lake jekundu.

Darasa limekwisha. Reem, aliyekuwa wa mwisho kutembea juu ya kamba, ameketi kaunta akivuliwa viatu. Anamuuliza Mubin kwa Kiingereza lini watarudi mlimani.

Mubin anachuchumaa mbele yake. Miaka yote tisa, anasema baadaye, hakuwahi kumpa mwanafunzi jibu kama lile.

"Mimi siujui mlima, Reem. Naenda kufundishwa. Nikirudi, muulize Fortunate kama nimefaulu."