Mahindi Matamu Chini ya Nyaya za Stima

Mume wangu hanywi pombe, na kwa miaka mingi wanawake ninaouza nao mboga Muthurwa walinionea wivu kwa hilo. Mwaka ule ningempa pesa mimi mwenyewe aende akalewe. Mlevi angalau huvaa viatu akatoka nje. Wangu alikuwa amelala akiutazama ukuta tangu kampuni aliyoifanyia vibarua huko Industrial Area ilipoleta mashine mpya na kuacha kuwaita watu langoni. Ujana wake wote aliumalizia pale, akipanga mabeseni ya plastiki. Siku walipoambiwa wasirudi tena, alitembea kwa miguu hadi kwetu Komarock, akavua shati, akalala. Nilidhani amechoka. Kesho yake akalala tena, na kesho kutwa vilevile.

Nilijaribu kila kitu. Nilimbembeleza. Nilimgombeza. Nilimleta mchungaji, akaomba kwa sauti mpaka majirani wakatugongea ukuta. Siku nyingine nilimtolea maneno ambayo siwezi kuyaandika hapa. Akijibu, alijibu kwa kuuliza tu, "Niamkie nini?"

Jibu lililetwa na mpishi mmoja wa hoteli ya mjini, kijana aliyekuwa akinunua dhania na spinachi kwangu. Siku hiyo alikuwa akilalamika kwamba mahindi matamu anayoletewa hufika yamelala, utamu wote umeisha njiani.

"Mathe, ukinipatia mtu wa kunilimia hapa karibu, nachukua zote."

"Mtu yuko," nikasema. "Mume wangu ni mkulima."

Huo ulikuwa nusu uongo. Alizaliwa magharibi, kwenye mahindi, na alishika jembe kabla hajajua kusoma, lakini mahindi aliyoyagusa tangu aje Nairobi ni ya kwenye sahani. Mpishi aliniletea mbegu, akanipa onyo moja tu: zisipandwe karibu na mahindi ya kawaida. Chavua ya mahindi ya ugali ikiyafikia haya, punje hugeuka kuwa unga mtupu msimu huohuo, na wala hutaona tofauti kwa nje.

Nilimwekea pakiti kifuani, pale alipolala. Akaigeuza, akasoma, akaketi.

"Mahindi ya sukari?" akasema. "Sasa hayo utayala na nini, na chai?"

Akacheka. Nilikimbilia jikoni nikajifanya nakoroga sufuria, maana machozi yalikuwa yamenijia na sikutaka ayaone yakamtisha akarudi kulala.

Nyuma ya estate yetu, chini ya nyaya kubwa za stima, hairuhusiwi kujenga, kwa hiyo watu wamegawana ardhi hiyo vipandevipande na kulima. Kipande chetu nilikuwa nimekipanda sukuma wiki. Kilichopakana nacho kilikuwa cha mama mmoja mjane anayetoka upande wa kwao mume wangu. Mume wangu anamwita "ndugu yangu", na mimi ananiita "mke wetu", ingawa hakuna aliyewahi kunionyesha mahali ukoo wao unapokutana. Mume wangu alimwendea akamwomba msimu huo apande maharagwe badala ya mahindi. Mama yule akakubali bila kuuliza sababu, na mume wangu hakumweleza. Aliona aibu kumwambia mtu wa kwao kwamba analima mahindi yasiyosagika. Laiti angemweleza.

Aliamka, basi. Hilo ndilo nililokuwa nikilitaka, na mengine yote yangekuwa nyongeza. Mtu ambaye nilikuwa nikimsukuma kuoga alikuwa akitoka nikiwa bado nafunga kitambaa, na jioni nikirudi kutoka soko namkuta na udongo mweusi umemganda mpaka magotini. Alianza kula. Alianza kunitania tena, kwamba sisi watu wa milimani tukiona hindi tunawaza githeri tu, kulichemsha na maharagwe.

Kisha masika yakaja kama yanatutafuta sisi. Udongo wa huku haunywi maji. Yalisimama kwenye mistari yetu, mche mmoja mmoja ukaanza kuwa wa njano. Mume wangu alichimba mitaro akiwa ndani ya maji mpaka mapajani. Miche mingi ilioza. Iliyobaki ilidumaa, ikabaki imejikunyata palepale wakati maharagwe ya jirani, yaliyokuwa juu kidogo, yanatambaa. Mbegu zilikuwa zimekwisha, na mpishi hakuwa na nyingine.

Homa ikamlaza. Niseme ukweli, kilichonitia hofu hakikuwa homa, ni ule ukuta. Kila nikiingia nilitazama kwanza amegeukia upande gani. Lakini alikuwa amegeukia mlango, na akiwa anatetemeka bado aliuliza, "Maji yameshuka?"

Alipopata nguvu tulienda shambani pamoja, siku ya Jumapili baada ya kanisa. Tukasimama. Shamba lilikuwa limejaa. Kila mahali mche ulipooza palikuwa pamechipuka mwingine, kijani kibichi, wenye afya kuliko yetu. Yule mama alitoka kwenye maharagwe yake akifuta mikono kwenye leso, uso umemng'aa.

"Ndugu yangu, nilipita nikaona mapengo," akasema. "Nikasema huyu ni mgonjwa, siwezi kumwachia aibu ya mapengo watu wakipita wanaona. Nikakupandia mbegu yangu ya mahindi ya haraka, ile ya Ukambani. Nilikuwa nimeiweka ya kwangu, lakini wewe ndiye ulisema nipande maharagwe."

Kwao ndivyo wanavyofanya. Shamba la mgonjwa haliachwi na mapengo, na anayejazia haulizi. Mume wangu alimshika mkono kwa mikono yake miwili akamshukuru, na shukrani hiyo haikuwa ya uongo.

Alipoondoka nikainama. Nilikuwa nimeshashika mche wa kwanza, mume wangu akanishika kifundo cha mkono. Hakunishika kwa nguvu.

"Usiung'oe."

"Ulisikia mpishi alisema nini. Hii itaharibu yote."

"Nilisikia. Mama yangu, mahindi yakijiotea njiani, alikuwa anayazungushia miti, na sisi tunapita kando. Mwaka mmoja tulikula hayo ya njiani. Sijawahi kung'oa hindi lililo hai. Na hili nimepandiwa na mtu aliyenihurumia. Niambie chochote kingine, nitafanya."

Nilimwita mjinga. Nilimwambia njaa ya mama yake haihusiani na hoteli ya mjini. Akasikiliza yote akiwa amenishika mkono vilevile. Mwishowe akasema ana njia: mahindi ya yule mama yakikaribia kuchanua, atayakata mbelewele, yale maua ya juu, kabla hazijamwaga chavua. Yatabaki na uhai wake, na yetu yatabaki na utamu wake. Niliona jinsi macho yake yalivyokuwa macho, yanapanga, yanahesabu mistari. Nikauachilia mche.

Mpango wenyewe haukuwa wa kijinga. Kama mambo yangebaki kama yalivyokuwa siku ile, yetu mafupi na ya mama marefu, angeweza kuyatofautisha akiwa amefumba macho. Lakini viwavijeshi vikaingia. Vilianza na majani, vikashuka ndani ya moyo wa mmea, na vikishiba vinaacha kinyesi kama unga wa mbao iliyokerezwa. Havikuchagua yetu wala ya mama. Dawa ya dukani ilishindwa, au tuliuziwa maji, sijui. Mume wangu akarudi kwenye dawa ya kwao, majivu. Alipita kwa wachoma mahindi na wauza chapati wa barabarani akiomba majivu ya jiko, akachanganya na udongo mkavu, akatia kwa vidole ndani ya kila mmea. Kila mmea. Nilimkuta amepiga magoti mbele ya mmoja akimtoa mdudu kwa kijiti, anaongea nao polepole. Majirani wengine walimcheka. Mimi sikucheka, kwa sababu nilijua anapigana na nini.

Na mvua iliyotuzamisha ikakata. Udongo uleule uliokuwa matope ukapasuka nyufa za kuingiza mkono. Akabeba maji kwa mitungi kutoka mferejini, mtungi huku na mtungi kule, mabega yakachubuka.

Mbelewele zilipotoka, shamba lote lilikuwa la urefu mmoja. Yetu yaliyodumazwa na maji, ya mama yaliyotafunwa na kukaushwa na jua, yote yamechakaa sawasawa, majani yametobokatoboka. Alitembea kwenye mistari na kisu mkononi, akisimama, akigeuza jani, akiendelea. Alikata mbelewele za yale aliyokuwa na hakika nayo. Mengine aliyaacha, maana akikosea akakata yetu yote, ni nini kingeyachavusha? Jioni aliniuliza, "Unaweza kukumbuka ni wapi kulikuwa na mapengo?" Sikukumbuka. Yeye mwenyewe hakuwa amekumbuka kuweka alama, kwa sababu siku ile alikuwa ndio kwanza ametoka kwenye homa, amejaa furaha ya kuhurumiwa.

Bado tulitumaini. Mahindi yalishika, ndevu zikawa za kahawia, maganda yakajaa. Mpishi alikuja mwenyewe na gari na magunia matupu. Mume wangu alikuwa amevaa shati la kanisa.

Kijana alivunja hindi la kwanza, akalimenya, akachoma punje kwa ukucha. Badala ya maji meupe ukatoka uji mzito. Akauma. Akatafuna kwa muda mrefu kuliko inavyohitajika. Akavunja la mstari mwingine, na jingine la kule mwisho. Nilikuwa nikimtazama mume wangu akimtazama kijana mdomo.

"Mathe, hii si ile," kijana akasema. "Punje moja tamu, mbili za ugali. Siwezi kupeleka hii jikoni. Wataniuliza kama nimewanunulia ng'ombe chakula." Kisha akaona nyuso zetu. "Pole, mzee. Kazi umefanya, naona."

"Ni sawa," mume wangu akasema. Akakunja magunia matupu ya kijana vizuri, moja juu ya jingine, akayabeba mpaka kwenye gari, akamfungia mlango.

Jioni hiyo yule mama alituletea moto wa jiko na akachoma mahindi mwenyewe, pale shambani. Alikuwa na furaha ya kweli. Alisema yamekubali, alisema kidogo tu shamba lingekufa, na ona sasa. Alimchagulia mume wangu lililoiva vizuri. Akalila lote, hakuacha punje, akasema asante dada. Nilitamani kupiga kelele. Nilitamani kumwambia mama wa watu ukweli ili nami nimwone akiumia, na nikajua nikifanya hivyo mume wangu hatanisamehe. Nikatafuna. Yalikuwa na utamu wa mbali, wa kukudhihaki.

Kesho yake hakuamka, alikuwa ameugeukia ukuta. Sikumwita mchungaji safari hii, na sikumgombeza. Nilikuwa nimeshaona kwamba mtu anaweza kuamka, akafanya kila kitu kinachoambiwa kifanywe na zaidi, na bado. Nilikuwa nimekufa moyo, na sasa tulikuwa wawili. Tofauti yetu ni kwamba mimi nilikuwa na soko la kwenda.

Vuli ilipokaribia, asubuhi moja nikiwa natoka, yule mama alikuja kugonga. Alikuwa na jembe begani na mbegu ndani ya leso. Alikuwa amesikia ngurumo upande wa Kangundo, akaja kumchukua ndugu yake wakatifue pamoja kabla ya mvua.

"Yuko wapi? Simwoni siku hizi."

Pazia lilikuwa nyuma yangu, na nyuma ya pazia kitanda. Nilisikia amezuia pumzi.

"Amepata kazi," nikasema. "Walimwita tena Industrial Area. Anatoka mapema sana."

Yule mama aliangusha jembe. Alinikumbatia mlangoni, akamshukuru Mungu kwa sauti, akacheza kidogo palepale kwenye korido, akasema alikuwa akimwombea hilo kila Jumapili. Akasema nisiwe na wasiwasi na shamba, atatulimia yeye, hataacha pengo hata moja. Nilimshukuru, nikafunga mlango.

Sikufungua pazia. Nilisimama na mkoba wangu wa soko, nikisubiri nijue alivyousikia uongo ule, kama ataukasirikia akainuka.

"Asante," akasema kutoka upande wa ukuta.