Diski ya Mama Chapa

Kwa miaka tisa, kila asubuhi Mama Chapa aliwasha kompyuta ya kibanda chake cha kuchapa barua, akavua viatu, akasinzia mpaka iwake. Wateja walimsema kwa kuwachelewesha hadi masikio yakamchoka, akaenda kwa fundi.

"Kinachoichelewesha ni diski yake ya kuhifadhia kazi. Kwa pesa hii, chagua mpya," fundi alimwambia. "Diski kubwa inayojikokota, au ndogo yenye kasi."

"Nipe ndogo, baba. Nimechoka kusemwa."

Kesho yake alibonyeza kitufe, akainama kuvua viatu. Hata kamba hajamaliza kuilegeza, kompyuta imeshawaka na mteja ameshanyoosha karatasi.

"Leo hatusubiri, mama!"

Akaikaza kamba tena. Miaka yote hiyo alikuwa akiilaani kompyuta ile, kumbe hakuna mwingine aliyewahi kumwacha apumzike.