Picha Ilikuja, Sauti Ikagoma

Mtakaosoma, kwanza mnisamehe. Mwandiko wangu unalala upande, na maneno mengine huenda nimeyakosea herufi. Niliishia darasa la saba, na ukurasa mmoja unaweza kunichukua siku mbili. Hata hivyo nimeamua hii niiandike mwenyewe, nisimpe mtu aninyooshee.

Mama alifariki sijatimiza miaka mitatu. Sura yake naijua, kuna picha zake mbili kwa bibi, Ilala. Sauti yake sikuijua. Bibi alikuwa ametunza sidii moja ndani ya kitambaa: video ya sendofu ya mama mdogo, sherehe ya kumuaga kabla ya ndoa, ambako mama ndiye alisimamia mapishi. Bibi aliiona mara moja tu, kwenye kompyuta ya ofisini kwa jirani kule Posta, kabla jirani hajahama. "Anaongea humo," aliniambia. "Tena anaongea sana."

Mimi nilikuwa siongei. Sauti yangu ni nene kama ya mwanaume. Shuleni nikisimama kusoma, darasa zima linacheka, na mwalimu naye anacheka. Nikajifunza kunyamaza. Hata kazi ya kushona mapazia niliichagua kwa sababu cherehani haikuulizi kitu.

Miaka ile Kariakoo kila mwenye fremu ya duka alikuwa anauza kompyuta. Zilishushwa kwenye makontena zikiwa zimeshachoka huko Ulaya, na mafundi walikuwa na dawa moja kwa kila ugonjwa: kufuta vyote vilivyomo na kupiga window upya, yaani kuingiza programu mpya. Nikaingia duka mojawapo na sidii yangu.

Fundi alikuwa kijana wa rika langu. Akaitumbukiza. Kompyuta ikaandika kwamba faili hilo hailitambui. Akabadilisha herufi za mwisho za jina la faili, wapi. Akaingiza programu nyingine ya kuonyeshea video, na hapo mama akatokea.

Amejifunga kanga kiunoni, ameshika mwiko, mdomo unakwenda mbio. Kimya kabisa.

"Haya sista, picha hiyo."

"Na sauti?"

"Sauti imekufa. Mafaili ya zamani ndivyo yalivyo. Si umemwona lakini? Nenda kapumzike."

"Sura yake ninayo nyumbani. Nimefuata sauti."

Akanigeukia, akacheka. "Kumbe muda wote naongea na kaka! Kompyuta umesomea wapi, kaka?"

"Nina darasa la saba."

"Basi niamini mimi."

Siku nyingine ningeondoka. Masikio yalikuwa yanawaka. Lakini mama alikuwa bado pale kwenye kioo, mdomo wazi, nikaona nikitoka nitakuwa nimemnyamazisha mimi. Nikabaki nimekaa.

Fundi akanipa mgongo, akavuta kompyuta nyingine, nyeupe iliyogeuka njano, ambayo ilishapata mteja. "Na hii nayo imejaa mavitu ya zamani," akanung'unika. "Naifuta yote."

"Usifute," nikasema.

"Nini?"

"Cherehani ya zamani ina sindano yake. Ukiitia ya leo, inashona lakini inaruka uzi. Hiyo yako imeruka sauti. Weka sidii kwenye hiyo ya zamani."

"Sista, wewe si fundi cherehani?"

"Weka."

"Mwenyewe anaijia saa nane!"

Nikainuka, nikasimama kati yake na ile mashine. Mwenye duka, mama mmoja wa Kichaga aliyekuwa anapanga nyaya mlangoni, akasema, "Mwekee bwana. Huyu leo hang'oki."

Ilichelewa kuwaka. Video ikaanza kwa kukatakata, kisha duka zima likajaa:

"Wewe mwenye kamera! Usinipige mimi, nimevaa kanga ya jikoni! Kampige bi harusi huko, pilau langu litaungua!"

Sauti nene. Nene kuliko yangu. Wanawake waliomzunguka wanacheka, naye badala ya kuishusha anazidi kuipandisha, mpaka wapita njia wakachungulia dukani.

"Ee," akasema fundi taratibu. "Kumbe umerithi."

"Nimerithi," nikamjibu, na sikunong'ona.

Sikutoka pale mpaka alipoichomoa ile programu ya zamani iliyotoa sauti na kuniwekea kwenye sidii nyingine. Ndipo nikamruhusu afute. Jioni bibi aliishika sidii ya pili, akauliza kama nayo ifungiwe kitambaa.

Siku hizi mteja akiuliza habari ya pazia, namjibu nikiwa palepale kwenye cherehani, na wa ng'ambo ya barabara anasikia. Anayetaka kucheka acheke.

Nawe kama una sidii ambayo fundi amekwambia uitupe, usiitupe. Niandikie imekataa vipi: haifunguki kabisa, au ina picha bila sauti, na nani yumo humo. Nitakujibu. Univumilie tu, naandika polepole.