Mlio wa Getini
Siku mlinzi alipomwona mara ya kwanza, mtafiti yule alikuwa amepiga magoti kwenye tope nje ya geti la ofisi, akifunga kinasa sauti kwenye mti kama mama anayemfunga mtoto mgongoni. Tangu hapo hedifoni hazikumtoka masikioni, na kila mlio aliousikiliza aliugonga mezani kwa ukucha, taratibu. Wenzake walimwita Mama Vyura. "Basi nisalimieni, wanangu," aliwajibu. Alikuwa ameifundisha kompyuta mlio wa aina moja tu ya chura, ambaye kwa miaka hakuna aliyemwona. Asiposikika kufikia Ijumaa, kinamasi chote kingefukiwa, na tingatinga lilikwisha kuegeshwa ukingoni.

Alhamisi jioni kompyuta ikatangaza kwamba imemsikia. Ofisi nzima ikalipuka kwa vigelegele, mkubwa wao akakimbilia simu. Mtafiti hakucheka. Aliurudia mlio ule, ukucha ukagonga, ukasita. Akatoka mpaka getini, akalisukuma geti polepole, nalo likalia vilevile: krii-krii. Mlinzi, ambaye kwa aibu hakuwahi kumwambia zaidi ya salamu, akajikuta ananong'ona, "Dada, nani atajua? Nyamaza tu." Akageuka, akarudi ndani. Kupitia dirishani mlinzi alimwona akiufuta mlio ule, huku mkubwa wake akimfokea. Kisha mtafiti akatoka na mabuti yake ya mpira, akielekea kinamasini.

"Kaka," alisema, "litie mafuta hilo geti. Kama yupo, nataka nimsikie yeye."