Shimo la Baba na Mashine ya Nguzo Mbili

Shimo lililo katikati ya gereji yetu alilichimba baba kwa mikono yake, likizo baada ya likizo, akalizungushia zege kwa saruji ya hapa hapa Tororo. Alikuwa fundi wa vichwa vya treni, kwa hiyo alilijenga kama mashimo aliyoyazoea kazini: refu, jembamba, na ngazi upande mmoja tu. Kwenye karakana ya reli hakuna anayeingiza chochote juu ya shimo bila ruhusa, na baba hakufikiria kwamba nyumbani hakutakuwa na mtu wa kutoa ruhusa. Upande usio na ngazi unagusa ukuta wa chumba anacholala mama.

Mimi ni binti yake wa mwisho, na ndimi niliyerithi spana. Niliolewa Busia, upande wa Kenya, na ndoa ilipokwisha nikarudi nyumbani na begi moja, nikasema nitakaa miezi michache. Kisha mama akapatwa na kiharusi, upande wake wa kushoto ukalala. Kaka zangu wawili walikuja, wakaketi sebuleni, wakazunguka na maneno weee, mwisho mmoja akasema, "Lakini wewe si gereji yako iko hapa hapa?" Hicho ndicho kilikuwa kikao kizima. Jioni walikuwa kwenye basi la Kampala. Walisema kweli, na hilo ndilo linaloniudhi mpaka leo.

Tangu siku hiyo namlisha mama, nafungua breki, namgeuza mama, nabadilisha oili, namwosha mama. Gereji za mjini zimeniita kazini mara mbili, nikakataa. Mlangoni kwetu unaonekana Mwamba wa Tororo wote, wageni wanatoka mbali kuja kuupanda, na mimi ninayeishi chini yake sijaukanyaga tangu nimalize shule. Nikisema nimechoka, watu huniambia nitabarikiwa. Nawashukuru, halafu nikirudi ndani napiga mlango kwa nguvu.

Siku ninayotaka kuisimulia ilikuwa asubuhi ya soko. Nilikuwa shimoni, chini ya basi dogo lililokuwa linavuja oili. Akaja mteja mwingine kutoka Busia na pikapu iliyojaa magunia ya samaki wakavu, springi zimelala kabisa. Madereva wa huku wamelelewa na foleni za mpakani. Ukiacha upenyo mbele yako, kuna lori litauingia, na siku yako imekwisha. Basi yule bwana alipokuta kuna gari mbele yake, alifanya alichokizoea: akasogea, akasogea, mpaka bampa ikagusana na bampa, juu ya ngazi yangu. Akafunga milango, akapanda bodaboda, akaenda sokoni.

Mimi nilichoona ni mwanga kupotea.

"We! Mzee! Kuna mtu huku chini!" Pikipiki ilikuwa imeshakata kona. Nilijaribu kujipenyeza chini ya pikapu, kichwa kikapita, mabega yakakataa. Nikajaribu upande wa basi, hata kichwa hakikupita. Simu ilikuwa juu ya meza ya kazi. Nilimtukana yule bwana, nikautukana mpaka, nikamtukana hata baba na ngazi yake moja.

Ndipo mama akaniita. "Nyara!" Ndivyo anavyoniita, maana yake 'binti yangu', kwa Kidhopadhola cha baba.

"Nakuja, mama!"

Nilijua siendi popote. Aliita tena, na tena. Na hapo kilinipata kitu ambacho sikumwambia mtu. Niliketi kwenye ngazi ya chini, nikaegemeza mgongo ukutani, na nikagundua kwamba kwa mara ya kwanza tangu augue, sina la kufanya na hakuna wa kunilaumu. Mama anaita, nami siwezi kwenda. Basi. Mwili wote ukalegea. Nikaanza kuimba, polepole, wimbo wa kwaya niliokuwa nikiongoza nilipokuwa msichana. Niliimba beti zote, nikarudia. Niseme ukweli: nilifurahi.

Sijui ulipita muda gani. Nilichoshtukia ni kwamba mama hakuwa anaita tena.

Nilichukua spana kubwa nikaipiga chesisi ya basi kama mtu anayepigia kijiji kengele ya moto, mpaka jirani yangu anayekaanga chapati ng'ambo ya barabara akaja kuchungulia. Alimfuata mwenye pikapu sokoni. Nilipotoka, nilimkuta mama ananing'inia nusu kitandani, nusu nje, mkono mzima umeshika chandarua, midomo imekauka. Alikuwa anataka maji tu. Kikombe kilikuwa juu ya stuli, hatua mbili kutoka alipokuwa.

Nilisema nilipiga kelele mpaka sauti ikakauka. Nilimwambia jirani hivyo, nikawaambia kaka zangu kwa simu, nikamwambia mama mwenyewe huku namfuta uso. Kila nilipousema, uongo ule uliniganda mwilini zaidi, na ndani ya wiki moja nilikuwa nimeamua: shimo lifukiwe, ninunue mashine ya kuinulia magari, ile ya nguzo mbili. Gari lipande juu, mimi nisimame chini kwa miguu yangu, na mama akiita nitoke kama mtu huru. Kaka zangu walikubali haraka mno. "Weka hiyo mashine, dada, tusisikie tena mambo ya kufungiwa."

Jirani alinishikia mama nusu siku, nikavuka Busia kwenda kuiona moja iliyotumika, katika gereji ya mtu aliyekuwa anahama. Aliniwashia. Ilipandisha gari taratibu, bila jasho la mtu, nami nikatembea chini yake huku na huku kama mtoto kwenye maonyesho.

"Unafinya hapa tu, gari inapanda, we unasimama hapo kama bosi," alisema. Kisha akazima. "Lakini niambie ukweli, sista. Sakafu yako ni nene aje? Na paa?"

Nikamweleza. Nikamtajia na shimo.

"Ai! Na nguzo utasimamisha wapi? Ukifunga bolti kando ya shimo, zege itapasuka, gari ikulalie. Lazima ujaze kwanza, umwage sakafu mpya, nene kabisa. Na paa uinue. Mimi nataka kuuza, lakini sitaki kukuzika."

Nilirudi na tepu nikapima kutoka sakafuni hadi kwenye boriti. Nikapima tena. Mara ya tatu nilipanda juu ya meza, kana kwamba nyumba ingerefuka kwa kunihurumia. Gari dogo lingeinuka vizuri, lakini mabasi madogo na pikapu, ambayo ndiyo kazi yangu, yangegonga boriti kabla sijaweza kusimama wima chini yake. Paa lenyewe limeshikana na la chumba cha mama. Nikiling'oa, nimpeleke wapi? Kwa kaka zangu? Nilicheka peke yangu juu ya meza. Kila nilikopima nilifika kwenye ukuta ule ule.

Mtu mwenye akili angeishia hapo. Mimi niliagiza lori la mawe. Nilisema nitafukia kwanza, hayo mengine yatajulikana mbele ya safari. Sikutaka kuliona tena lile shimo.

Mawe yalimwagwa getini asubuhi. Mama alisikia kishindo akauliza ni nini. Nilikuwa namnywesha uji, nikamweleza. Wazazi wangu hawakuwa na lugha moja, yeye Msamia na baba Mjapadhola, kwa hiyo mama amezungumza nasi maisha yote kile Kiswahili walichojifunzia kwenye nyumba za reli, ambacho mimi na wewe wote ni 'nataka' ile ile.

"Wewe nataka kufukia shimo ya baba yako?"

"Ndiyo, mama. Sitaki kufungiwa tena wakati unaniita."

Aligeuza macho ukutani. "Siku ile mimi nasikia wewe."

"Nilikuwa napiga kelele, mama."

"Kwanza napiga kelele," alisema. "Halafu naimba."

Kijiko kilibaki hewani. Uso uliniwaka kama nimepigwa kofi.

"Wewe naimba mzuri," akaendelea. "Siku mingi mimi hapana sikia wewe naimba. Mimi nasema, wacha apumzike kidogo. Mimi nanyamaza. Maji, nasema, nachukua mwenyewe."

Nilidhani alinyamaza kwa sababu alikuwa anakufa. Nililia pale pale, bakuli la uji mapajani, nikamwomba msamaha. Aliniacha nilie, kisha akasema uji unapoa.

Baadaye, nilipokuwa namgeuza, aliongeza kwamba baba naye alikuwa akiingia shimoni hata siku ambazo gereji haina gari. Mama alikuwa anasikia kiberiti kikiwashwa, hakuna kingine. "Mimi hapana uliza," alisema.

Yule bwana wa Busia nilimpigia simu kumwambia mashine haitanifaa, akasema alijua. Mawe niliyatumia kujenga ngazi ya pili, upande ule uliokuwa hauna. Nilitoboa ukuta chini, nikaweka kimlango cha mbao, na sasa hata pikapu kumi zikipangana juu ya ngazi ya baba, njia ya kutoka ninayo. Ni moja tu, na inatokea kando ya kitanda cha mama.

Bado naingia shimoni kila siku, na siku nyingine hakuna gari juu. Mama anajua. Nimemwomba jambo moja tu: asinyamaze.