Mapasa Wapite Mbele

Nilipokuwa mtoto sikupata kuitwa kwa jina langu peke yake. Mimi nilikuwa Mpeya, dada yangu aliyetangulia kutoka tumboni alikuwa Mbo, na mtaa mzima ulituita kwa pamoja: mapasa. Mama naye alipoteza jina lake siku tuliyozaliwa, akawa Mama Mapasa. Kisangani watu wengi waliamini kwamba pacha hawaji duniani bure. Wakikasirika, mtu anaugua. Wakicheka, biashara inatembea. Kwa hiyo wanawake waliokuwa wakienda sokoni walipitia kwetu asubuhi, hata uso hatujanawa, wakatutekenya mbavuni, nasi tukalazimika kucheka. Sijui kama kuna kazi inayochosha kuliko hiyo.

Kati ya nyumba za mwisho za mtaa wetu na mto Tshopo palikuwa na ukanda wa miti ambao haukuwahi kukatwa. Leo una vijia vilivyofagiliwa, na vijana wanakuja kuwapiga picha hondohondo na kima. Wakati ule mianzi ilifunga njia, popo walining'inia juu kama nguo zilizosahauliwa, na wazee walisema kwamba ukanda ule una mwenyewe, naye anakaa majini. Anayeingia bila kutambulishwa, hapatikani tena. Ila mapasa, walisema, wametoka kwake huyo. Wakiingia wanarudi kwao, na anayewafuata hadhuriki. Basi kila aliyetaka maji ya chemchemi au majani ya kufungia chikwangue, mikate yetu ya muhogo, alikuja kutuazima kwa Mama, kama vile mtu anavyoazima kinu.

Ndipo majeshi ya nchi mbili za kigeni yakaja kupigania mjini kwetu, juu ya vichwa vyetu. Papa, baba yetu, alikuwa amekwama Banalia, barabara imefungwa. Asubuhi mabomu yalipoanza kuanguka upande wa soko, Mama alibeba sufuria na blanketi, akatusukuma mbele, tukakimbilia kwenye miti. Tukaukuta mtaa mzima pale ukingoni. Umesimama! Mabomu yanalia nyuma, kivuli kiko hatua chache mbele, na watu wazima wamejipanga kwenye jua na mizigo kichwani.

"Munangoja nini?" Mama alipiga kelele.

"Tunangoja mapasa," alijibu Koko Asina, bibi kizee jirani yetu. "Batoto bapite mbele."

Nakumbuka uso wa Mama. Nadhani angekuwa na mkono wa tatu angewachapa wote. Lakini hapakuwa na muda wa kubishana, kwa hiyo mimi na Mbo tukashikana mikono tukaingia, na nyuma yetu wakafuata wakwe na wajukuu, kuku na mbuzi, na Papa Kasereka, muuzaji wa maharagwe kwa jumla, mkatoliki mwenye rozari shingoni, akikanyaga sawasawa pale tulipokanyaga sisi.

Tulikaa mle siku kadhaa. Kila mtu alitaka kukaa karibu na mapasa, eti risasi haiwafikii. Walitubana hadi Mama mwenyewe akakosa nafasi. Nikienda kujisaidia, watu wawili wananifuata. Nilikuwa na njaa, nimeumwa na siafu, na kila bomu likipita salama kuna mtu anayenipapasa kichwa kwa shukrani.

Kisha Mbo akashikwa na homa. Mchana alikuwa akitetemeka na kuongea maneno yasiyoeleweka. Mama akajua kwamba bila kinini atampoteza. Juu kidogo, ukifuata mto, palikuwa na nyumba ya muuguzi mmoja aliyekataa kukimbia. Mama akaanza kufunga blanketi.

Papa Kasereka akasimama kwenye kijia.

"Mama Mapasa, kama unaenda nabo, siye tutabakia na nani?"

"Mutoto wangu iko anakufa!"

"Alors, na batoto betu? Ukitoa mapasa hapa, utatuua sisi wote."

Wengine wakasogea. Hawakuwa watu wabaya; nilikuwa nimekula kwenye sahani zao. Lakini walisimama bega kwa bega, na hakuna aliyempisha. Mama alilia, akawatukana, akawaita wapumbavu. Rozari ya Papa Kasereka ilikuwa mkononi sasa, naye hakusogea.

Sikuwa shujaa. Nilikuwa nimechoka nao tu.

"Basi mubaki na miye!" nilifoka. "Mumuache Mbo aende! Mukamate mumoja, munyamaze!"

Wakatazamana. Koko Asina akasema taratibu kwamba mmoja anatosha, mradi wametoka tumbo moja. Mama alinitazama kwa muda mrefu. Halafu akamfunga Mbo mgongoni akaondoka, bila kugeuka. Leo najua kwamba angegeuka asingeweza kwenda.

Jioni ile bomu lilianguka kwenye mianzi. Udongo ulitumwagikia, hakuna aliyeumia, na wote wakaniambia, "Unaona?" Nilitaka kuwapiga. Koko Asina alinivuta kifuani kwake, akanikumbatia hadi mizinga iliponyamaza. Alinishika ili apone yeye. Nilijua hivyo hata wakati ule. Lakini kifua chake kilikuwa na joto, na mimi nililala.

Mama alirudi vita vilipotulia, Mbo akitembea kwa miguu yake, amekonda. Mtaa ulituletea kuku wawili na vitenge viwili vinavyofanana. Mama alipokea bila kusema asante. Hakumsalimia Papa Kasereka mpaka mwaka ulipokwisha.

Mbo siku hizi anafanya biashara Ubundu. Akisimulia kisa hiki anacheka hadi machozi. Mimi sicheki. Kwa miaka mingi nilijiuliza watu wazima wanawezaje kumtwika mtoto hofu yao yote, kisha wakamwita baraka. Bado nauliza. Ila sasa nina umri waliokuwa nao wao, na nimeshajua jinsi mtu anavyotafuta cha kushika wakati hakuna kinachoshikika.

Juzi jirani yangu kijana alikuja kubisha mlango. Mke wake alikuwa hospitali, uchungu wa kuzaa umekataa. Aliomba niende nikasimame tu pale mlangoni.

"Mimi si daktari," nilimwambia. "Na mwenzangu yuko Ubundu. Hapa iko nusu tu."

"Nusu itatosha, mama."

Nikamkaripia. Nikamwambia aache ujinga, amewahi kusoma. Alisimama pale, mikono hajui aiweke wapi.

Nikavaa viatu, nikaenda.